Kusikiliza Nyuma ya Sauti

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la hospitali, simu mkononi, ukingoja jina lako liitwe, basi nimekuandikia wewe. Sitakueleza habari za dawa, hizo daktari wako anazijua kuliko mimi. Nataka kukueleza jinsi nilivyomngoja Mungu aniambie neno moja, nikamngoja mahali ambapo sikupaswa kumngoja, na jinsi neno lenyewe lilivyonifikia katika chumba ambacho hata mume wangu hakuruhusiwa kuingia.

Naitwa Halima. Nakaa Kiwanjani, hapa Isiolo. Babu yangu, Msomali, aliletwa huku na jeshi la Mwingereza, na jeshi lilipomaliza naye hakurudi kwao, alinunua ngamia akatulia. Mume wangu Abdi ana lori la kwenda Moyale na kurudi. Mimi kazi yangu ni maziwa ya ngamia. Tuko akina mama kadhaa, tunayapokea kutoka kwa wachungaji wa Burat na kwingineko, tunayachuja, tunayapoza, kisha tunayapakia kwenye basi la asubuhi kwenda Nairobi. Nina mdomo, hilo silifichi. Sokoni wananiita Redio, na redio hiyo haikuwahi kuishiwa betri mpaka mwaka ninaousimulia.

Wachungaji wetu wengi hawaandiki, wanatuma ujumbe wa sauti. Kabla jua halijatoka simu yangu ilikuwa imeshajaa. Anayechunga ngamia wangu ni Mborana anayeitwa Guyo, mtu mzima mwenye adabu zake, na kwa adabu za Kiborana habari ya kwanza ni amani, hata kama nyumba inaungua. Kila siku aliniambia maneno yaleyale: "Mama Nimo, salaam aleikum. Maziwa iko sawa. Ngamia iko sawa. Amani tu." Ungemsikiliza Guyo kwa maneno yake ungedhani Burat ni peponi.

Kwa hiyo nilijifunza kutomsikiliza Guyo. Nilisikiliza kilichokuwa nyuma yake. Nina ngamia jike aliyeachwa na marehemu mama yangu, jina lake Suban, na shingoni amevaa kengele ya mti ambayo mama mwenyewe aliagiza ichongwe. Kengele hiyo ikigonga taratibu, wanakula. Ikigonga harakaharaka, wanakimbizwa. Asubuhi moja Guyo alisema amani tu, na nyuma yake kengele ilikuwa inagonga kama mtu anayetwanga kwa hasira. Nikampigia. Kumbe walikuwa wanahama mbiombio kwa sababu wezi wa mifugo walikuwa wameonekana upande wa pili wa lugga, ule mto mkavu. Hiyo ndiyo kazi yangu: kushika simu sikioni, kufumba macho na kusikiliza nyuma ya sauti. Niliifanya kwa miaka mingi bila kufikiri kwamba ningeihitaji kwa jambo jingine.

Uvimbe wenyewe uligunduliwa na simu, kwa hiyo usidhani nimekuja kuitukana simu. Binti yangu Nimo anasoma chuo Garissa. Jioni moja ya mvua ndefu tulikuwa tunaongea kwa video, mtandio wangu umeteleza, akanikatiza kwa kuniita mama kwa Kisomali. "Hooyo, shingo yako imefanya nini?" Nikajishika. Kulikuwa na kitu, kigumu, kikubwa kama tende, na nilipomeza mate kilipanda na kushuka.

Kutoka hapo maisha yangu yakawa mabenchi. Benchi la Isiolo, halafu benchi la Meru la kupigwa picha ya shingo, halafu benchi jingine la kutobolewa kwa sindano. Ukitaka kujua binadamu tumekuwaje, kaa pale. Watu wote wameinamisha vichwa kwenye simu, na kila simu inalia kwa namna yake. Muuguzi anaita jina hata mara tatu kabla mwenyewe hajasikia. Mzee mmoja wa Kimeru aliyekaa karibu nami aliitwa mpaka nikamgusa bega mimi. Alikuwa anatazama video ya mhubiri anayesema kwamba Mungu ana ujumbe wake leo.

Daktari alisema jina la ugonjwa kwa Kiingereza, kisha akasema kwa Kiswahili, saratani, na kwa Kiswahili liliuma zaidi. Alikuwa mama mfupi mwenye mikono ya joto. Aliweka vidole viwili ubavuni mwa shingo yangu, akavituliza hapo kama anayesikiliza, kisha akachora kwenye karatasi. Huu ndio uvimbe. Huu uzi mwembamba ndio wa sauti. Na hapa, alisema, akizungushia kalamu, ndipo ulipo mshipa mkubwa wa shingo, na kitu hiki kimeanza kuusogelea.

"Tukikitoa sasa, wengi wanapona," akaniambia. "Lakini sitakudanganya, mama. Sauti inaweza kuumia. Na tukikiacha, hakitakuachia wewe."

Alinipangia tarehe Nairobi. Nikasema sawa, nikaondoka, na moyoni sikuwa nimesema sawa hata kidogo. Niliogopa kisu. Niliogopa kufa mezani mbali na kwetu. Na niliogopa, usinicheke, kurudi nikiwa bubu. Halima bila sauti ni nani? Nilitaka kitu kimoja tu: Mungu mwenyewe aniambie niende au nisiende. Neno moja lingenitosha.

Kwetu Waislamu kuna swala ya istikhara, ambayo mtu anaswali rakaa mbili akimwomba Mungu amchagulie lililo na kheri. Niliswali. Kisha nikafanya kosa ambalo nadhani ni sisi tu tunaoweza kulifanya: nikaomba familia nzima iniswalie, na wanitumie majibu kwenye simu.

Tuna kundi la familia kwenye simu. Wamo wa Isiolo, wa Eastleigh, wa Nanyuki, na wale walioenda kuishi kwenye nchi za baridi. Huko ndiko aliko Eddo Sahra, shangazi yangu, dada mdogo wa baba, mwenye neno kubwa kwetu. Ujumbe wake wa sauti huwa mrefu kama hotuba, na nyuma yake siku zote kuna televisheni inapiga kelele, kwa sababu anasema nyumba ya huko ikinyamaza anahisi amekufa. Watu wetu wanaamini kwamba jibu la istikhara huja kwa ndoto. Basi wote wakalala, na wote wakaota.

Eddo Sahra aliota ninavuka lugga kavu nimevaa nguo nyeupe, na ng'ambo hakuna mtu. Akasema nisiende kabisa, nyeupe ile aliijua. Binamu yangu Yusuf wa Eastleigh aliota majani mabichi na ngamia wenye nundu zilizonona, akasema niende hata kesho. Mjomba mmoja aliota meno, na ndoto ya meno hakuna aliyetaka kuieleza. Wakaanza kubishana wao kwa wao, ndoto ya nani ilikuja kabla ya alfajiri na ya nani ilikuja baada ya kula sana.

Katikati ya hayo watu wakawa wananitumia zile jumbe zinazozunguka, zenye maua na taa: ujumbe huu kutoka kwa Mungu ni wako leo, upeleke kwa watu kumi kabla ya jua kuzama. Niliupeleka. Niliupeleka kwa zaidi ya kumi, kwa tahadhari. Hata Mama Kendi, rafiki yangu Mkristo anayeuza nyanya karibu na kibanda chetu, alikuja kuniambia kwamba kanisani kwao wameniombea na mtu mmoja akapewa neno: nitapona bila kisu. Aliniambia kwa upendo mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikalia naye.

Hivyo nikawa na jumbe kutoka kwa Mungu za kunitosha, na kila moja ilikataa nyingine. Simu ilikaa mkononi hata jikoni. Nilikuwa nikimaliza kuswali, kabla sijakunja mswala, naangalia kama kuna jipya. Tarehe ya daktari ikafika, ikapita. Mvua ikaisha, vumbi likarudi, na tende ile shingoni sasa ilikuwa inanikaba nikilala chali.

Abdi ni mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo aliyatoa yote. Alikuwa amerudi kutoka Moyale, hajavua hata viatu, akanikuta namsikiliza Eddo kwa mara nyingine.

"Halima," akasema, "wewe unangojea Mungu akupigie simu?"

Nikamjibu kwa ukali kwamba hajui ninachokipitia. Akasema anakijua, kwa sababu ananisikia nikikoroma kama mtu anayezama, na yeye halali anahesabu pumzi. Alisema atanibeba mwenyewe na lori lake mpaka Nairobi nikiwa nimefungwa kamba kama mbuzi. Tulilala kila mtu ameangalia ukuta wake.

Kesho yake nilienda kwa Maalima Zainab, anayetufundisha dini sisi wanawake siku za Alhamisi. Ni mdogo kwangu sana, ana watoto wawili wanaomvuta nguo akifundisha. Nilimmwagia yote, ndoto, majani, meno. Alicheka kwanza, kisha akaona sicheki.

"Mama Nimo, shingo ni ya nani?" akauliza.

"Yangu."

"Basi na swala ni yako. Nani alikuambia lazima ndoto ije? Uliomba kheri, sasa anza kutembea. Kama hapana kheri mbele, Mwenyezi Mungu atafunga njia. Lakini mtu amekaa chini, atafungiwa njia gani?"

Nikatoka pale sina ndoto wala ishara yoyote. Nikampigia daktari. Nilitarajia anigombeze, aniambie nafasi hakuna mpaka mwaka ujao. Akaniambia nije wiki hiyohiyo, kuna mtu ameahirisha. Njia haikufungwa popote. Hata lori la Abdi, ambalo kila mwezi lina ugonjwa wake, halikuharibika.

Operesheni siikumbuki, nakumbuka kuamka. Niliamka nina kiu, shingo imefungwa, na Abdi amekaa pembeni ameshika kandambili zangu kana kwamba kuna mtu atazichukua. Nikafungua mdomo nimwambie alhamdulillahi. Haikutoka. Kilichotoka kilikuwa hewa, kama unapopuliza mdomo wa chupa. Daktari alisema uzi wa sauti haukukatwa ila umechoka kwa kusukumwasukumwa, labda utarudi, labda nusu. Uvimbe wote alikuwa ameubandua kutoka kwenye mshipa.

Nilirudi Kiwanjani na kovu kama mkufu na sauti ya mnong'ono. Soko lilikuja kuniona. Watu, Mungu awabariki, wakisikia mtu ananong'ona na wao wananong'ona, kwa hiyo nyumba yangu ikawa kama ya wezi. Nilipomtumia Guyo ujumbe wa sauti, akanijibu kwa huruma: "Mama Nimo, network yako mbaya sana. Mimi nasikia upepo tu." Abdi ndiye aliyemweleza kilichonipata. Siku ya pili Guyo alituma ujumbe usio na neno hata moja. Alikuwa amesogeza simu kwenye shingo ya Suban, na kengele inagonga taratibu, taratibu. Niliusikiliza mpaka nikalala.

Dawa ya pili ilikuwa kiangazi kikiisha. Hii ni dawa ya kunywa, yenye mionzi, ya kumalizia mabaki popote yaliyojificha. Kabla yake kuna majuma ya kujinyima, na niliyaona marefu kuliko operesheni. Hakuna chumvi ya dukani, hakuna samaki, hakuna maziwa. Mimi, mwanamke wa maziwa, nikinywa chai ya rangi. Na kwa vile nilikuwa nimesimamishwa vidonge vinavyofanya kazi ya ile tezi ya shingo iliyotolewa pamoja na uvimbe, mwili ukapoa. Isiolo ile ya jua la kukausha nyama kwenye kamba, mimi nimevaa sweta na soksi. Uso ukavimba, nywele zikabaki kwenye kitana. Nilisahau majina ya watu ninaowadai na ninaowapenda.

Nitakuambia rehema ya siku zile. Abdi alikula nami bila chumvi. Hakuna aliyemwambia. Alitafuna nyama ile ya kuchemsha akilalamika kila tonge, akisema hata mfungwa hapewi chakula hiki, na kesho yake anakaa tena kwenye sinia moja nami.

Sasa nifike kwenye chumba.

Ukishakunywa dawa ile, wewe mwenyewe unakuwa hatari kwa watu kwa siku chache. Unawekwa peke yako kwenye chumba chenye kuta nene. Sakafuni, karibu na mlango, pamepakwa mstari wa manjano. Muuguzi anaweka chakula kwenye mstari anarudi nyuma. Alinieleza kwamba kitu chochote kitakachoingia humo kinaweza kushika mionzi kisitoke mapema, na kama naipenda simu yangu nimwachie mume wangu. Nikaiweka kwenye kiganja cha Abdi. Tangu niimiliki, sikumbuki siku niliyoachana nayo kwa hiari.

Nikanywa dawa. Ilikuwa kama maji matupu. Mlango ukafungwa.

Siku ya kwanza nilisikia simu ikilia. Haikuwepo, lakini niliisikia, na paja langu lilitetemeka mahali ninapoiwekaga. Niligeuka kuitafuta chini ya mto zaidi ya mara moja. Nilijiambia sasa kichwa nacho kimeondoka. Niliswali, na nikitoa salamu mkono unaenda kutafuta kilichoingia. Hapo ndipo nilipojiona. Miezi yote ile nilikuwa namtumia Mungu maombi na kukaa kuangalia kama tiki zimegeuka buluu.

Kesho yake Abdi alikuja. Alisimamishwa nje ya mlango, muuguzi kando yake ameshika kifaa cha kupima mionzi. Kifaa kilipoelekezwa kwangu kililia. Muuguzi akarudi hatua, na Abdi, mume wangu wa ujana wangu, naye akarudi hatua. Sikumlaumu, lakini niliona. Akaniuliza kwa sauti kubwa kama nimelala vizuri. Nikamjibu. Akasema, "Nini?" Nikajibu tena kwa nguvu zangu zote mpaka kovu likavuta. Akageukia muuguzi, akamuuliza, "Amesema nini?" Mnong'ono wangu haukuweza kuvuka ule mstari. Nikampungia mkono kwamba mimi mzima, aende. Akaenda akigeuka nyuma.

Hapo nililia. Sikulia kwa ajili ya kifo, nililia kwa sababu nilikuwa nimefika mahali ambapo sauti yangu haimfikii mtu yeyote na sauti ya mtu yeyote hainifikii. Nikamwambia Mungu, kwa ule upepo wangu, kwamba nimetembea kama nilivyoambiwa, nimekatwa, nimenyamazishwa, nimekula bila chumvi, na sijasikia kutoka Kwake hata neno moja. Nikamuuliza kama na Yeye amesimama nyuma ya mstari.

Kulia kulinipa maumivu, nikashika shingo pale pembeni ya kovu, kwa vidole viwili, niitulize. Chumba kilikuwa kimya. Na kwa mazoea tu, mazoea ya kila alfajiri ya maisha yangu, nikafumba macho nikasikiliza nyuma.

Chini ya vidole vyangu kitu kilikuwa kinagonga.

Kiligonga taratibu, bila haraka, kama kengele ya ngamia anayekula kwa amani. Tangu utotoni, kabla hatujajua kufunga mtandio, tulifundishwa kwamba Mungu yuko karibu na mja wake kuliko mshipa wa shingo yake. Nimeyasema maneno hayo mara elfu, nimewaambia wafiwa, nimemwambia Nimo akienda kulala. Sikuwahi kufikiri kwamba ni habari ya mahali, mahali penye ngozi na damu, mahali ambapo daktari alizungushia kalamu. Hapohapo ugonjwa ulipokuwa unasogelea, Yeye alikuwa ameshatangulia. Nilikuwa nangoja ujumbe utoke mbali, upande mlingoti wa simu, ushuke mkononi mwangu, na wakati wote ulikuwa unagonga shingoni, tangu tumboni mwa mama yangu, bila kukatika, hata nilipokuwa nimelazwa mezani sijijui.

Nilipata hofu. Si hofu ya kisu, ni ile hofu inayomfanya mtu avue viatu. Sikuthubutu kuondoa vidole. Wanadamu wote walikuwa nyuma ya mstari wa manjano na walikuwa na haki, lakini kuna Mmoja ambaye hakurudi hatua. Nikasema labbaika, nimeitika, na kwa mnong'ono ule usiofika mlangoni nilijua nimesikika neno zima. Sikuwa na ombi jingine. Nilikaa hivyo mpaka mwanga wa dirisha ukaondoka.

Sikuambiwa kama nitapona. Nakueleza wazi usije ukaenda kutafuta ahadi ambayo mimi sikupewa. Nilichopewa ni kujua kwamba sikuachwa, na baada ya hapo swali la kupona likawa la kawaida, kama swali la mvua.

Kifaa kilipunguza kelele siku hadi siku, mpaka muuguzi akavuka mstari akanishika mkono, naye alikuwa mtu wa kwanza. Abdi alinirudishia simu. Ilikuwa imejaa mpaka imekataa kupokea. Niliiweka kwenye mkoba, tukaenda nyumbani, na tulipopita Subuiga tukaanza kuteremka na joto la Isiolo likaingia dirishani, nilivua sweta.

Mvua fupi zilinyesha. Picha zilizofuata zilikuwa safi, na zilizofuata hizo pia. Sasa nameza kidonge changu kila asubuhi na sauti imerudi nusu, nzito kidogo, sokoni wanasema Redio imehamia masafa mengine. Kwa wewe uliye kwenye benchi: usimzuie daktari kwa sababu ya ndoto ya mtu. Beba sweta. Mwachie mwenzako alalamike, huo ndio upendo wake. Na ikifika zamu yako ya kukaa kimya, usikimbilie kuijaza.

Limebaki jambo moja. Kundi la familia halikuwa limesahau. Eddo Sahra aliuliza mbele ya wote, akitaka kujua kama hatimaye nilipata jibu la istikhara yangu, na lilikuja kwa ndoto ya nani. Nilianza kumwelezea, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Mwisho nilienda chumbani, nikabonyeza pa kurekodi sauti, nikaikandamiza simu pembeni ya kovu, nikazuia pumzi. Kisha nikautuma ujumbe huo.

Yusuf akajibu upesi kwamba hakuna kitu, nitume tena. Mjomba akasema simu yangu imeingia maji. Mwingine akatuma maua na taa.

Kesho yake ujumbe wa Eddo ukaingia, mfupi, kitu ambacho hajawahi kufanya. "Halima," alisema, "nimeweka kwa sikio. Nimesikia." Basi. Nikaurudia, na kama ninavyofanya kwa Guyo, nikafumba macho nikasikiliza kilichokuwa nyuma ya sauti yake. Televisheni ilikuwa imezimwa.